Arusha hadi Kigali na kurudi kwa gari la kukodi: mwongozo kamili wa kuzunguka nchi nne

Siku moja pale Namanga nilisimama kwenye dirisha la forodha tangu saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana kwa sababu ya tarakimu moja. Barua ya kampuni iliyonikodisha gari ilionyesha namba ya chasisi inayoishia na 8. Kadi ya gari ilionyesha 3. Afisa hakuwa mkali wala hakutaka chochote. Aliniambia kwa upole tu, "Kaka, gari la kwenye barua hii na gari uliloegesha pale nje ni magari mawili." Alikuwa sahihi. Ilibidi barua iandikwe upya Arusha, ipigwe muhuri wa wakili, kisha iletwe na kijana wa bodaboda aliyepanda basi dogo hadi mpakani.

Tangu siku hiyo naamini kwamba mtu mwenye gari la kukodi anavuka mipaka yake yote mezani kwa kampuni, kabla hajawasha injini. Barabara zenyewe ni nzuri. Kinachowarudisha watu nyumbani ni karatasi. Ndiyo maana nusu ya mwongozo huu inahusu mambo ya kufanya ukiwa bado hujaondoka.

Njia ninayoieleza inaanza na kuishia Arusha: Namanga, Nairobi, Nakuru, Eldoret, Malaba, Jinja, Kampala, Mbarara, Kabale, Gatuna, Kigali, Rusumo, Kahama, Singida, Babati, Arusha. Ni kama kilomita 2,500 hivi, na karibu yote ni lami. Aliye Nairobi au Kampala anaweza kuingia kwenye duara hilo hilo kutokea kwake.

Hatua ya 1: Panga siku, si kilomita

Watu hufungua ramani ya simu, wakaona Kampala hadi Kigali ni kama kilomita 515, wakasema ni saa saba. Ramani haijui malori yaliyopanga foleni, haijui matuta ya vijijini, na haijui kuwa utasimama mpakani. Mimi nahesabu wastani wa kilomita 50 kwa saa, na kila mpaka naupa saa tatu. Ukivuka kwa dakika 40, umshukuru Mungu, upate chai.

Kanuni zangu ni tatu. Mpaka mmoja tu kwa siku. Kilomita zisizidi 350 kwa siku, na siku ya mpaka zipungue hapo. Giza lisikukute njiani.

Kwa kanuni hizo, duara linachukua siku 12. Siku ya kwanza Arusha hadi Nairobi. Ya pili Nairobi hadi Eldoret. Ya tatu Eldoret hadi Jinja kupitia Malaba. Ya nne Jinja hadi Kampala, kilomita 80 tu, ili jioni upumzike. Ya tano Kampala hadi Mbarara. Ya sita Mbarara hadi Kigali. Siku ya saba na ya nane gari lilale, nawe utembee Kigali. Ya tisa Kigali hadi Ngara kupitia Rusumo. Ya kumi Ngara hadi Kahama. Ya kumi na moja Kahama hadi Singida. Ya mwisho Singida hadi Arusha.

Mwenye siku chache aiache Rwanda. Kutoka Kampala ashuke Masaka, avuke Mutukula, apite Bukoba hadi Mwanza. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025 pale Kigongo–Busisi, ile foleni ya kivuko iliyokuwa ikila nusu siku haipo tena.

Majira nayo yana uzito. Juni hadi Septemba ndiyo miezi ya kuchagua, na Januari na Februari nayo si mibaya. Masika, Machi hadi Mei, maji hupita juu ya barabara. Daraja la Katonga kwenye barabara ya Kampala–Masaka lilifungwa Mei 2023 baada ya mafuriko, magari yakazungushwa mbali. Desemba 3 mwaka huo huo tope la Mlima Hanang likaifukia Katesh, mji ulioko kwenye njia hii hii. Wiki ya mwisho ya Desemba ina tatizo jingine: kila mtu anarudi kwao, na barabara ya Nairobi–Nakuru hujaa usiku na mchana.

Hatua ya 2: Kodi gari, lakini kwanza kodi ruhusa

Ukipiga simu kampuni, usianze na bei. Anza na swali hili: "Gari hili linaruhusiwa kwenda Kenya, Uganda na Rwanda, na mtaniandikia?" Kampuni nyingi zitasema hapana hapo hapo, na hilo ni jibu zuri kwa sababu limekuokolea muda. Zingine zitasema "hamna shida, utaenda tu." Hizo ndizo za kukimbia. Gari lisilo na ruhusa ya maandishi, likipata ajali nje ya nchi, bima yake haikujui, na kampuni inaweza kusema umeliiba.

Kodi gari pale utakapolirudisha. Kulichukua Arusha na kuliacha Kigali ni jambo gumu mno, kwa sababu gari linaingia nchi ya pili kwa kibali cha muda na sharti la kutoka. Dereva ataweza kupanda ndege arudi kwao, lakini gari halina ruhusa ya kubaki.

Mkataba uwe na mambo haya kwa maandishi: majina ya nchi zote moja moja (neno "Afrika Mashariki" halitoshi), majina ya madereva wote watakaoshika usukani, tarehe zikiwa na siku mbili au tatu za akiba, idadi ya kilomita unazoruhusiwa kwa siku, kiasi cha amana na lini itarudi, na nani analipa gari likiharibika Kabale. Swali hili la mwisho watu wanaona haya kuliuliza. Uliza. Kampuni nzuri itakuambia: piga simu kwanza, fundi wetu ataongea na fundi wa huko, tutalipa kipuri, hifadhi risiti.

Uliza pia kama gari lina kifaa cha kulifuatilia kinachoweza kuzima injini kwa mbali. Magari mengi ya kukodi yanacho. Hakikisha anayekaa kwenye mitambo usiku anajua kuwa gari hilo limeruhusiwa kutoka nchini, maana kifaa kinaweza kupiga kelele mara tu gari linapovuka Namanga.

Kuhusu aina ya gari, kwa duara hili huhitaji Land Cruiser. RAV4 au Noah inatosha kabisa. Usichukue gari la chini sana: penye ujenzi utatupwa kwenye mchepuko wa vumbi na mawe, na kipande cha Lusahunga hadi Rusumo, kilomita 92, kimekuwa na matengenezo kwa muda mrefu. Ukitaka kuingia mbugani hiyo ni safari nyingine, na gari lake ni lingine.

Hatua ya 3: Karatasi

Nunua faili la plastiki lenye mifuko, si bahasha. Ndani yake weka vitu hivi, kila kimoja na nakala tatu.

Kadi ya gari, yenyewe au nakala iliyothibitishwa na wakili. Kwa wenzetu wa Kenya hii ni logibuku.

Barua ya idhini. Hii ndiyo roho ya safari nzima. Iandikwe kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni, isainiwe na mwenye gari ambaye jina lake liko kwenye kadi, na ipigwe muhuri wa wakili. Ndani yake ziwemo namba ya usajili wa gari, namba ya chasisi, namba ya injini, rangi, majina ya madereva yalivyo kwenye pasipoti, namba za pasipoti, nchi zote, tarehe ya kutoka na ya kurudi. Kama kadi ya gari ina jina la mtu binafsi wakati mkataba una jina la kampuni, itakiwe barua ya pili inayounganisha hao wawili. Kisha kaa chini, shika kadi mkono mmoja na barua mkono mwingine, usome kwa sauti tarakimu moja moja. Mwenzako asikilize. Inachukua dakika tatu.

Mkataba wa kukodi, stika ya bima, na Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo nitaieleza chini.

Leseni. Leseni za nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinakubalika katika nchi nyingine za Jumuiya. Aliyetoka Ulaya, Ghuba au Marekani na leseni ya huko aje pia na kibali cha kimataifa cha udereva, ambacho hutolewa kwao na si huku.

Pasipoti. Raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanatembeleana kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Tanzania haimo kwenye utaratibu huo, kwa hiyo Mtanzania asitegemee kitambulisho cha NIDA. Achukue pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na Mkenya anayeingia Tanzania afanye vivyo hivyo. Ndugu wenye pasipoti za ughaibuni wanaweza kuomba viza ya pamoja ya utalii ya Kenya, Uganda na Rwanda, dola 100 kwa siku 90. Tanzania wataiombea viza yake pembeni.

Cheti cha homa ya manjano. Kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo kuchanjwa Ijumaa na kuondoka Jumapili hakusaidii. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linakitambua kwa maisha yote, usikubali kuambiwa kimekwisha muda kwa sababu kina miaka kumi na mbili.

Piga picha kila karatasi, uzitume kwenye simu ya mtu aliyebaki nyumbani.

Hatua ya 4: Bima, mahali ambapo watu wengi wanadanganyika

Kuna kadi mbili za njano katika safari hii, na nimeona watu wakichanganya. Moja ni ya chanjo. Nyingine ni Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo ni bima ya gari. Tanzania ilitoka COMESA, yaani soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, mwaka 2000 lakini imebaki kwenye mpango wa kadi hii, kwa hiyo kadi inayotolewa Arusha inafanya kazi Kenya, Uganda na Rwanda. Hutolewa na kampuni ile ile iliyokata bima ya gari, na inaambatanishwa na bima hiyo. Angalia nyuma au ndani yake kama nchi zako zote hazijakatwa kwa mstari, na kama tarehe zinafunika safari yote pamoja na siku za akiba.

Sasa usikie jambo lenyewe. Kadi ya Njano inamlipa uliyemgonga. Hailipi uharibifu wa gari unaloendesha. Chukua mfano: umeteleza Kabale, umemgonga mwendesha bodaboda, kisha ukaingia kwenye ukuta. Kadi itashughulika na bodaboda na matibabu. Taa, bampa na rejeta la gari ulilokodi ni juu ya bima kubwa ya gari lenyewe, na bima kubwa nyingi zinaishia kwenye mpaka wa nchi iliyozikata. Ili ivuke, kampuni ya bima inatakiwa kuandika nyongeza ya eneo. Dai uione nyongeza hiyo kwa macho yako. Ikiwa haipo, ujue kuwa kuanzia Namanga unaendesha gari la watu kwa mfuko wako.

Uliza pia kiasi cha kwanza cha hasara unachobeba mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa. Wakati mwingine ni kikubwa kuliko amana uliyoacha.

Kwa gari la Tanzania unaweza kuthibitisha stika ya bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima ya Tanzania, ukiwa na namba ya gari tu. Fanya hivyo ukiwa bado uko kwenye yadi yao.

Hatua ya 5: Kagua gari mchana kweupe

Usipokee gari usiku, wala usipokee likiwa limetoka kuoshwa na bado lina maji, kwa sababu maji huficha mikwaruzo. Piga video ukilizunguka taratibu, ukitaja tarehe, kisha geji ya kilomita na ya mafuta.

Tairi ndilo la kutazama kuliko yote. Ubavuni kuna tarakimu nne: 2219 maana yake limetengenezwa wiki ya 22 ya mwaka 2019. Tairi lenye zaidi ya miaka sita sipandi nalo, hata kama meno yake bado yapo. Toa tairi la akiba, ulijaze upepo, kisha jaribu kufungua nati moja kwa spana iliyomo kwenye gari. Spana nyingi za magari ya kukodi zimeliwa. Ni afadhali ujue hapo kuliko kujua kwenye mlima wa Sekenke.

Hakikisha kuna pembetatu mbili za tahadhari, kizima moto ambacho muda wake haujaisha, sanduku la huduma ya kwanza na jeki. Trafiki atauliza, na ana haki ya kuuliza.

Kisha toa mifuko yote ya plastiki kwenye gari. Rwanda ilipiga marufuku mwaka 2008, Kenya 2017, Tanzania Juni 2019. Rwanda wanaipekua kweli mpakani. Tumia vikapu na mifuko ya kitambaa.

Hatua ya 6: Kuvuka mpaka, dirisha kwa dirisha

Mipaka yote minne ya duara hili, yaani Namanga, Malaba, Gatuna na Rusumo, ina vituo vya huduma kwa pamoja. Maana yake unavuka kwanza hadi upande wa nchi unayoingia, kisha ndani ya jengo moja unagongewa kutoka na kuingia. Mara nyingi afisa wa nchi unayoiacha na wa nchi unayoiingia wamekaa madirisha jirani.

Kabla hujafika getini vijana watakukimbilia wakiwa na vitambulisho shingoni. Wengine ni mawakala halali wa forodha, wengine ni vishoka. Usimpe mtu pasipoti wala kadi ya gari akiwa amesimama nje. Sema, "Asante ndugu yangu, nitaingia mwenyewe," ufunge gari, uingie. Kama unaona kazi ni nzito na unataka wakala, mfuate ofisini kwake, mkubaliane bei kabla, na risiti zote za serikali zije kwako.

Ndani, anza na uhamiaji: kutoka, kisha kuingia. Abiria wote wawepo. Meza ya afya inaweza kuwa kabla ya hapo, na hapo ndipo unapoonyesha cheti cha chanjo. Halafu forodha. Upande unaotoka wataandika kwamba gari linatoka kwa muda, upande unaoingia watakupa kibali cha kuingiza gari kwa muda. Tozo za barabara hulipwa benki au kwa simu, nawe unarudi na risiti. Afisa atatoka nje kulitazama gari, mara nyingi chasisi yenyewe, kwa hiyo jua ilipoandikwa. Mwisho ni karatasi ya geti.

Kabla hujaondoka dirishani, soma kibali papo hapo: namba ya gari, chasisi, jina lako, tarehe ya mwisho. Kosa likirekebishwa ukiwa umesimama pale ni dakika mbili. Likigunduliwa kwenye nchi ya tatu ni safari ya kurudi.

Na sasa jambo ambalo nakuomba ulishike kuliko yote. Ukitoka nchi hiyo, kibali kile lazima kifungwe. Dereva mwenye haraka anagongewa pasipoti, anaona geti liko wazi, anaenda zake. Kwenye mfumo gari bado limo ndani ya nchi. Muda unapita, faini inahesabika, na siku kampuni inapompa mteja mwingine gari hilo, linazuiwa. Bili inarudi kwenye amana yako. Muulize afisa kwa maneno: "Afande, kibali changu kimeshafungwa?" Omba nakala yenye muhuri, uirudishe kwenye faili.

Malaba ina foleni ya malori inayoweza kunyoosha kilomita kadhaa. Gari dogo halipangi foleni hiyo; unapita pembeni taratibu, taa zikiwa zimewashwa. Asiyependa Malaba apitie Kisumu hadi Busia.

Hatua ya 7: Barabarani

Arusha hadi Nairobi ni mkeka. Baada ya Nakuru, kipande kati ya Salgaa na Sachangwan kimeua watu wengi kwa miaka mingi, malori yakishuka mlima huku breki zimechoka. Shuka kwa gia ndogo, acha nafasi, na usibanwe katikati ya malori mawili. Uganda, baada ya Jinja na daraja jipya la Nile lililofunguliwa 2018, kuna msitu wa Mabira na kisha msongamano wa Mukono; ingia Kampala kabla ya saa tisa alasiri. Kutoka Kampala kuelekea Masaka utakatiza mstari wa ikweta pale Kayabwe. Simama. Watoto hawasahau kusimama mguu mmoja kusini na mwingine kaskazini.

Gatuna ndipo ubongo unapogeuzwa. Kenya, Uganda na Tanzania tunaendesha kushoto. Rwanda ni kulia. Usukani wako unabaki kulia, na hapo ndipo hatari ilipo: wewe umekaa upande wa mtaro, huoni mbele ya lori. Kanuni yangu ni kwamba abiria wa mbele ndiye macho ya kupita gari jingine. Kama uko peke yako, usipite lori kwenye milima kati ya Gatuna na Kigali, hata likienda kilomita 20 kwa saa. Ni kilomita 80 tu. Kipilefti kinazungukwa kinyume na ulivyozoea. Kosa hutokea zaidi asubuhi, unapotoka kwenye yadi ya hoteli barabara ikiwa tupu na hakuna gari la kukukumbusha. Bandika karatasi kwenye dashibodi: KULIA. Ukivuka Rusumo, ibandue, kwani kosa la kurudi nalo lipo.

Rwanda kuna kamera za mwendo kila mahali. Kibao kikisema 60, ni 60, na kwenye barabara kuu kiwango cha juu ni 80. Faini huingizwa kwenye mfumo na hulipwa kupitia Irembo, tovuti ya huduma za serikali ya Rwanda. Hakikisha huna deni kabla ya kufika Rusumo. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni Umuganda, watu wanafanya kazi za jamii kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi, na magari hayatembei ovyo. Panga isiwe siku yako ya kuondoka.

Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Ukiingia unaipata, ukitoka unaipoteza. Ukiondoka Kigali saa moja asubuhi yao, Tanzania tayari ni saa mbili. Faraja ni kwamba jua la Ngara linazama karibu saa moja jioni, hivyo mwanga unao.

Tanzania, kibao cha 50 kwenye kila kijiji si pambo. Trafiki yuko chini ya mwembe na tochi yake ya kupima mwendo. Punguza mwendo kabla ya kibao, na usiongeze mpaka uone kibao cha kumaliza. Ukipigwa tochi, shuka kwa heshima, msalimie, na faini ya shilingi 30,000 ilipwe kwa kontroo namba, si mkononi.

Lugha ya madereva wa malori ujifunze. Matawi ya miti yaliyotupwa barabarani yanasema mbele kuna gari limeharibika. Lori likiwasha indiketa ya kulia ukiwa nyuma yake, linakwambia usipite. Ya kushoto, njia iko wazi. Ishukuru, lakini tazama mwenyewe, maana indiketa hiyo inaweza kuwa inakata kona.

Kahama hadi Singida ni kipande kirefu na kitupu: Nzega, Igunga, mbuga ya Wembere, kisha unapanda Sekenke. Jaza tenki Kahama, ujaze tena Igunga hata kama lina nusu, beba maji lita kumi. Hapo usiku malori yasiyo na taa za nyuma husimama katikati ya njia. Sijawahi kuona sababu yoyote inayostahili kuendesha kipande hicho gizani.

Hatua ya 8: Fedha na simu

Gari linalokula lita moja kwa kilomita 10 litahitaji lita 250 hadi 260 kwa duara zima. Kenya bei mpya za mafuta hutangazwa na mamlaka ya nishati, EPRA, tarehe 14 ya mwezi; Tanzania mamlaka ya huko, EWURA, hutangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi. Uganda kila sheli ina bei yake, hivyo tembea kidogo kabla ya kujaza.

Usibadilishe fedha zote mpakani. Badili za kutosha mafuta na chakula cha siku moja, dukani penye leseni, uzihesabu wewe wa mwisho. Kwa kila nchi nunua laini kwa pasipoti yako. Pakua ramani za nchi zote ukiwa na waifai, kwa sababu mtandao hupotea milimani Kabale ambako ndiko utakapouhitaji.

Hatua ya 9: Ajali au gari kuharibika

Namba 112 inafanya kazi katika nchi zote nne. Majeruhi kwanza. Weka pembetatu mbali, mita 50 na zaidi. Usiondoe gari hadi polisi wapime, ila kama linahatarisha maisha; hapo piga picha pande zote kabla ya kulisogeza. Usisaini maelezo ambayo huyaelewi, iwe yameandikwa kwa Kinyarwanda, Kifaransa au Kiingereza kigumu. Omba ripoti ya polisi. Kenya huitwa abstrakti. Bila hiyo hakuna bima itakayokusikiliza. Pigia kampuni siku hiyo hiyo, na onyesha Kadi ya Njano ili ofisi ya taifa ya mpango huo katika nchi uliyomo ijulishwe.

Hatua ya 10: Kurudisha

Fika na mwanga. Tembea na mtu wa kampuni kulizunguka gari, ukiwa umefungua video ya siku ya kwanza. Mpe nakala za vibali vilivyofungwa, Kenya, Uganda na Rwanda, pamoja na risiti za faini kama zilikuwepo, naye asaini hati ya makabidhiano inayosema amevipokea na gari halina deni. Nakala zenye mihuri ubaki nazo wewe mpaka amana yote iwe imeingia kwenye akaunti yako.